Dawa za ugonjwa wa kula kupindukia: ipi inagusa nini kwenye ubongo, na ipi imfae nani

Alifika dirisha la dawa jioni, foleni ilipokwisha, akaweka daftari dogo mbele yangu. "Daktari, nisomee hii kwanza kabla hatujazungumza dawa." Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini dirishani sote tunaitwa hivyo. Ukurasa wenyewe ulisema:

Jumanne. Asubuhi sikula. Mchana maji tu. Saa tatu usiku mkate mzima, nimesimama jikoni, taa nimezima. Biskuti pakiti mbili. Njaa iliisha kwenye kipande cha nne. Niliendelea. Karatasi nimezificha chini kabisa ya ndoo ya taka.

Chini yake aliandika majina matatu ya dawa aliyoyaokota mtandaoni, na swali moja lenye mistari miwili chini yake: ipi ni bora?

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara huwa nalirudisha kwa muulizaji. Dawa hizi hazishindani kwenye uwanja mmoja. Moja inapunguza msukumo unaokuinua kitandani, nyingine inashika breki mkono ukishanyanyuka, nyingine inafanya kazi kwenye huzuni iliyokutangulia jikoni, nyingine kwenye tumbo na ile hisia ya kushiba. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vidonge, tuangalie kwanza kinachotokea kichwani.

Jambo moja tulimalize mapema. Lugha yetu ina maneno makali kwa mtu anayekula sana: mlafi, mroho. Yote mawili yanahukumu tabia, na ndiyo maana wengi huvumilia miaka bila kumwambia mtu yeyote. Ninachozungumzia hapa ni ugonjwa wenye vigezo. Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliueleza mwaka 1959, lakini ulikaa muda mrefu bila kupewa nafasi yake, hadi mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipouweka katika mwongozo wake wa DSM-5 kama ugonjwa unaojitegemea. Vipindi hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia. Anakula haraka, anakula bila njaa, anakula hadi tumbo linauma, anakula peke yake kwa aibu, na baadaye anajichukia. Hajitapishi wala hanywi dawa za kuharisha ili kufuta alichokula. Akifanya hivyo mara kwa mara, huo ni ugonjwa mwingine unaoitwa bulimia, na utaona mbele kwamba tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha wakati wa kuchagua dawa. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume wamewahi kuupata. Si ugonjwa wa watu wachache, na wala si wa wanene peke yao.

Kutaka na kupenda ni vitu viwili

Watu wengi wamesikia dopamini ikiitwa kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha, na upotoshaji wake unawaumiza wagonjwa. Mwaka 1989 mtafiti wa ubongo Kent Berridge na wenzake walichukua panya ambao dopamini yao ilikuwa imeteketezwa karibu yote, wakawadondoshea sukari mdomoni. Panya wale hawakuwa tena na hamu ya kukitafuta chakula, wangekufa njaa huku chakula kiko mbele yao. Lakini sukari ilipogusa ulimi, walilamba midomo kama panya wazima. Raha ilikuwepo. Kilichokosekana ni msukumo wa kuiendea.

Rudi sasa kwenye daftari: njaa iliisha kwenye kipande cha nne, niliendelea. Nilipomuuliza kama vile vipande vya mwisho vilikuwa vitamu, alitikisa kichwa. "Sikuvisikia hata ladha." Hapo ndipo penye ugonjwa. Kutaka kumepanda, kupenda kumeshuka. Dopamini inayotoka ndani kabisa ya shina la ubongo na kumwagika kwenye viini vya katikati ndiyo inayobeba kutaka. Utamu wenyewe unabebwa zaidi na kemikali za jamii ya opioidi ambazo mwili unajitengenezea. Mwaka 2011 timu ya Gene-Jack Wang ilipiga picha ubongo wa watu wanene huku wakionyeshwa na kunusishwa chakula walichokipenda bila kuruhusiwa kukila. Wenye ugonjwa huu, walipopewa pia methilfenideti, dawa inayoikuza ishara ya dopamini, dopamini ilipanda kwenye sehemu inayohusika na mazoea na msukumo. Wenzao wenye unene kama wao lakini wasio na ugonjwa haikupanda vile. Kundi lilikuwa dogo, na bila dawa hiyo dopamini haikupanda, lakini picha ile inaendana na jambo ambalo wagonjwa walikuwa wakilisema siku zote: kwamba kukiona na kukinusa chakula kunawavuta.

Upande wa pili wa mambo ni breki. Gamba la mbele la ubongo ndilo linalosema "ngoja kwanza", nalo linahitaji dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine inayouamsha ubongo, kwa kiwango cha kutosha ili lisikike. Katikati kuna ushindani wa glutameti inayochochea na GABA inayotuliza. Serotonini nayo ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inasaidia hisia ya kushiba kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia njaa, na inabeba sehemu ya hali ya moyo. Tumboni kuna homoni zinazopeleka habari juu. Ghrelini inaita njaa, nyingine zinazotoka kwenye utumbo zinasema inatosha.

Na kuna kitu ambacho si kemikali ila kinazivuruga zote: kujinyima. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa miezi sita. Walikuwa watu wazima wenye afya njema ya akili. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula hadi kuumwa na bado wakasema hawajashiba. Ndiyo maana naliangalia daftari kuanzia asubuhi, kabla ya kufika saa tatu usiku. "Asubuhi sikula, mchana maji tu" tayari ni nusu ya maelezo.

Lisdeksamfetamini na topirameti, bega kwa bega

Nazianza hizi mbili kwa sababu ndizo zenye ushahidi mzito zaidi wa kupunguza vipindi vyenyewe, na kwa sababu tabia zao ni kinyume kabisa.

Lisdeksamfetamini, inayouzwa kwa jina la Vyvanse na mengineyo, ndiyo dawa ya kwanza kuidhinishwa rasmi na mamlaka ya Marekani, FDA, kwa ajili ya ugonjwa huu, mwezi Januari mwaka 2015, kwa watu wazima wenye hali ya wastani hadi kali. Kabla ya hapo ilikuwa dawa ya tatizo la kukosa umakini na utulivu, ADHD. Ni amfetamini iliyofungwa kwenye asidi amino iitwayo laisini. Ikiwa imefungwa hivyo haina nguvu. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazoikata taratibu na kuachia dawa yenyewe. Matokeo yake inapanda polepole na kudumu sehemu kubwa ya siku, badala ya kuja kwa kishindo. Inaongeza dopamini na noradrenalini, na dhana inayokubalika zaidi ni kwamba inaipa breki nguvu.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, nusu ya waliotumia miligramu 70 hawakuwa na kipindi hata kimoja katika wiki nne za mwisho. Kwa miligramu 50 walikuwa asilimia 42. Kwa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 21. Miligramu 30 haikufua dafu, kwa hiyo mtu aliyeanzishwa hiyo 30 asikate tamaa wiki ya kwanza. Hiyo ni ngazi ya kupandia tu. Jaribio jingine la mwaka 2017 liliwachukua watu waliokwishapata nafuu na kuwafuatilia miezi sita: walioendelea na dawa, chini ya asilimia 4 ndio waliorudiwa na ugonjwa, waliobadilishiwa kidonge kitupu, asilimia 32. Takwimu hiyo isome kwa pande zote mbili. Inaonyesha dawa inashikilia, na inaonyesha kwamba ukiiacha huenda ukarudi ulikotoka.

Topirameti ni dawa ya kifafa, iliyopata kibali mwaka 1996 na baadaye kutumika pia kuzuia kipandauso. Kwa kula kupindukia haina kibali rasmi. Daktari akikuandikia, anatumia uzoefu na ushahidi wa tafiti. Inatuliza glutameti na kuiongezea nguvu GABA, yaani inapunguza kelele kwenye njia ya msukumo. Katika jaribio la mwaka 2007 lenye watu karibu 400, asilimia 58 ya waliotumia dawa walifikia hali ya kutokuwa na vipindi, dhidi ya 29 kwa kidonge kitupu, na uzito ulishuka.

Mtu akiziweka namba hizi mezani atasema topirameti imeshinda, 58 kwa 50. Usifanye hivyo. Majaribio yalikuwa tofauti, muda tofauti, watu tofauti, na hata kipimo cha "kupona" hakikufanana. Kinachofaa kulinganishwa ni umbali wa kila dawa na kidonge kitupu cha jaribio lake, nao unakaribiana. Kwa hiyo uamuzi unahamia kwenye madhara, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Lisdeksamfetamini inapandisha presha na mapigo ya moyo. Inakausha mdomo, inakosesha usingizi ukiimeza mchana, inaongeza wasiwasi kwa mwenye wasiwasi. Mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse, na aliyetumia dawa za kundi la MAOI, dawa kongwe za sonona, asiimeze kabla ya siku 14 kupita. Inaweza kuamsha wazimu wa furaha kwa mwenye ugonjwa wa baipola, au kumfanya mtu asikie na kuona visivyokuwepo. Ni dawa inayoweza kumgeuza mtu mtumwa wake, na nchi nyingi zinaidhibiti vikali. Aliyewahi kupambana na ulevi au dawa za kulevya aliseme hilo wazi kwa daktari wake, bila aibu. Na kibali chake hakihusu kupunguza uzito. Kama vipindi havipungui, maelekezo yake yenyewe yanasema iachwe.

Topirameti haigusi moyo namna hiyo. Yenyewe inagusa akili na mwili kwa njia za ajabu kidogo. Vidole vinafanya ganzi. Soda inabadilika ladha. Na kuna lile la maneno: mtu anajua kitu, anakiona, jina lake liko mdomoni, halitoki. Nimewahi kumhudumia mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akashindwa kulipata neno "pembetatu". Aliporudi dirishani hakutaka kusikia habari ya vipindi vilivyopungua, ingawa vilikuwa vimepungua kweli. Alitaka ubongo wake urudi. Daktari alimshusha dozi taratibu, maana dawa hii haikatwi ghafla. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuongea, mimi nalitaja hilo kabla ya kutaja faida yoyote.

Inaweza pia kuleta mawe kwenye figo, kwa hiyo maji ni sehemu ya tiba, na jicho likiuma ghafla na kuona kukafifia hususan mwezi wa kwanza, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kubwa kuliko yote ni ujauzito. Topirameti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ikiwemo kumfanya azaliwe na mdomo sungura, na kwa dozi kubwa inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka 2023 Ulaya ilipendekeza masharti maalumu kwa wanawake wanaoweza kushika mimba, na Uingereza ikafuata mwaka 2024. Mwanamke anayefikiria kupata mtoto mwaka huu au ujao, kwangu mimi, topirameti haimo kwenye orodha yake.

Dawa za sonona: nguvu ndogo, mzigo mwepesi

Fluoksetini, setralini na ndugu zao zinaongeza serotonini. Fluoksetini ina kibali cha FDA kwa bulimia, dozi ya miligramu 60, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kawaida ya sonona, na wengi wanadhani kibali hicho kinahusu pia kula kupindukia. Hakihusu. Zinapunguza vipindi, lakini kwa kiasi, na uzito haushuki kwa maana. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2016 kwenye jarida la Annals of Internal Medicine yalikuta kwamba dawa za kundi hili ziliongeza nafasi ya kuacha vipindi mara 1.67 kuliko kidonge kitupu, lisdeksamfetamini mara 2.6.

Kwa nini basi bado nazipa nafasi kubwa? Kwa sababu wengi wanaokula kupindukia wana sonona au wasiwasi pembeni, na mara nyingi kipindi kinaanzia huko. Kama kila ukurasa wa daftari unaanza na "nimelia" kabla ya "nimekula", sioni busara ya kuanza na amfetamini. Hizi ni dawa kongwe, zinajulikana vizuri, zinapatikana karibu kila mahali; fluoksetini imo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, zinaweza kuvuruga tendo la ndoa, na kwa vijana chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanapaswa kufuatiliwa kwa karibu wiki za mwanzo. Mwenye baipola asianzishwe bila daktari wa akili kujua.

Bupropioni: hapa chunga

Bupropioni ni dawa ya sonona pia, ila inafanya kazi kwenye dopamini na noradrenalini. Peke yake haikuonyesha ubora juu ya kidonge kitupu katika kupunguza vipindi. Ikiunganishwa na naltreksoni, dawa inayoziba milango ya opioidi, inakuwa kitu kingine, na muungano huo unauzwa kama Contrave, wenye kibali cha unene tangu mwaka 2014. Napenda jinsi unavyofanya kazi. Bupropioni inaamsha seli za haipothalamasi zinazosema "nimeshiba". Seli hizo zikiamka zinatoa pia opioidi ya mwili inayorudi kuzizima zenyewe. Naltreksoni inaziba mlango huo wa kuzimia, seli zinabaki macho. Wakati huohuo utamu wa chakula unapungua makali. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kwamba waliopata muungano huu pamoja na tiba ya kubadili mienendo ndio walioacha vipindi kwa wingi kuliko waliopata kimoja tu.

Sasa onyo. Bupropioni inaweza kuleta degedege, na hatari hiyo inapanda kwa aliyewahi kuwa na bulimia au anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Kwa hao imekatazwa, hata kama ilikuwa miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana nilisema kujitapisha ni swali la uhai. Mgonjwa anayeficha kutapika kwa aibu anaweza kuandikiwa dawa ya kumwangusha. Muungano wenyewe usimezwe na mlo wenye mafuta mengi, kwa sababu mafuta yanaongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Jiulize basi: mtu ambaye kipindi chake kinakuja bila taarifa, atahakikishaje hilo? Kwangu hili ni tatizo ambalo daktari na mgonjwa wanapaswa kulizungumza kwa ukweli. Na anayetumia dawa za maumivu za jamii ya opioidi, naltreksoni itazifuta na kumtumbukiza kwenye mateso ya kuacha ghafla.

Sindano za kushibisha

Kila wiki mtu ananiuliza kuhusu semaglutaidi na liraglutaidi. Zinaiga homoni ya utumbo, zinachelewesha chakula tumboni na kugusa ubongo moja kwa moja. Zina kibali cha unene na cha kisukari, si cha ugonjwa huu. Tafiti zilizopo kwa kula kupindukia ni ndogo. Baadhi ya watu wanasema kelele za chakula kichwani zimetulia, nami nawaamini. Wasiwasi wangu ni mwingine: dawa inayomwezesha mtu kukaa siku nzima bila kula inamrudisha palepale pa asubuhi sikula, mchana maji tu. Sindano ikikatika, ubongo ulionyimwa unadai. Kama una kisukari au unene unaohitaji tiba, zungumza na daktari. Kama shida yako ni vipindi peke yake, sizitaji za kwanza.

Orlistati naitaja kwa sentensi moja: inazuia mafuta kufyonzwa tumboni na haina kazi na msukumo wa ubongoni.

Zilizoondoka

Historia ya eneo hili inapaswa kutufanya tuwe wapole na ahadi mpya. Deksifenfluramini iliondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Rimonabanti, iliyoziba milango ya bangi ya asili ya ubongo, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 na kusimamishwa mwaka 2008 kwa sababu watu walizama kwenye huzuni na mawazo ya kujiua. Sibutramini, ambayo kweli ilipunguza vipindi, iliondoka mwaka 2010 kwa sababu ya moyo. Dasotralini ilifika hadi mlangoni kwa FDA, kampuni yake ikaachana nayo mwaka 2020. Ukiona dawa mpya inasifiwa, uliza kwanza kuhusu moyo na kuhusu hali ya akili, maana hapo ndipo zilizotangulia zilipoanguka.

Kidonge na mazungumzo

Siwezi kulinganisha dawa kwa uaminifu bila kuweka tiba ya mazungumzo pembeni yake. Yale mapitio ya 2016 yaliikuta tiba ya kubadili fikra na mienendo, ikiongozwa na mtaalamu, ikiongeza nafasi ya kuacha vipindi karibu mara 5. Namba hiyo ina kasoro, kwa sababu ililinganishwa na watu waliokuwa wakingoja tu zamu yao, ilhali dawa zililinganishwa na kidonge kitupu, ambacho nacho kina nguvu yake. Lakini mwaka 2005 tiba hiyo ilipimwa ana kwa ana na fluoksetini, na ilishinda. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2017, unaanza na kitabu cha kujisaidia kinachoongozwa: vikao kati ya 4 na 9, dakika 20 kila kimoja, ndani ya wiki 16. Usiposaidika, vikao vya kikundi. Na unasema wazi kwamba dawa isiwe tiba pekee.

Tofauti ninayoiona mimi ni ya muda. Dawa inaweza kukupa nafuu ndani ya wiki chache, na ikiondoka mara nyingi inaondoka nayo. Mazungumzo yanachelewa, lakini kinachobaki baada yake ni chako. Kwa mtu ambaye vipindi ni kila siku na hawezi hata kukaa darasani au kazini, sioni dhambi yoyote kuanza vyote pamoja.

Tulivyochagua na yule dada

Nilimwomba anijibu mambo matano, nikayaandika nyuma ya bahasha ili aende nayo kwa daktari. Presha na moyo vikoje? Vizima. Umewahi kujitapisha? Alinyamaza, kisha akasema, "Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka mmoja hivi. Sijawahi kumwambia mtu." Nikamshukuru kwa kuniambia, na pale pale bupropioni ikakatwa kwenye orodha yake, hiyo ndiyo iliyokuwa jina la kwanza alilookota mtandaoni. Unataka mtoto? "Tumeanza kujaribu." Topirameti ikakatwa, jina la pili. Kabla ya kula, huwa unajisikiaje? Alifungua kurasa nne, akanionyesha. Tatu zilianza na siku ya kutokula. Moja ilianza na ugomvi. Usingizi? Mbaya tayari.

Lililobaki lilikuwa jina la tatu, lisdeksamfetamini. Kwa mwenye usingizi mbaya, anayetafuta ujauzito na ambaye tayari anashinda njaa mchana kutwa, dawa inayokata hamu ya chakula niliona iwe ya mwisho. Uamuzi ulikuwa wa daktari, si wangu, lakini bahasha ilimsaidia kuuliza. Walikubaliana aanze na kitabu na vikao, milo mitatu kwa saa maalumu hata kama usiku uliopita ulikuwa mbaya, na baada ya wiki nane waangalie kama huzuni inahitaji setralini.

Alirudi mwezi uliofuata kununua vitamini za kabla ya ujauzito. Hakusema mengi, foleni ilikuwa ndefu. Alifungua daftari haraka, akaligeuza upande wangu. Jumanne. Asubuhi mkate na yai. Mchana wali na maharage. Saa tatu usiku imenijia, vipande sita. Ladha nimeisikia. Taa ilikuwa inawaka.